Miguu ya Gari Kuukuu katika Nchi ya Ufipa

Apitaye katika mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, atayaona magari makuukuu ya kazi, aghalabu Land Rover za springi za majani na Toyota Land Cruiser zile ambazo watu huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopandishwa kando ya kioo. Na lau atainama akayatazama matairi ya mbele, ataona katika mengi ya hayo kwamba upande mmoja wa tairi umekwisha kuwa kipara, pengine hata nyuzi zimechungulia nje, ilhali upande wa pili kashata zake zimesimama kana kwamba tairi limenunuliwa juzi. Tairi la namna hiyo halikuliwa na barabara peke yake. Limeliwa na upotofu wa gari lenyewe, na mwenye gari ambaye hununua tairi jipya na kulifunga mahali pale pale bila ya kuuliza sababu hujitia katika hasara isiyo na kikomo, fauka ya hatari anayoichukua pamoja na abiria wake.

Nchi yenyewe ina sehemu kubwa katika jambo hili. Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa Ufipa kwa kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda huo umekatika pande mbili: magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yamo katika kimo cha mita 770 na ushei, na mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, lililo katika kimo cha mita 800 hivi. Basi gari litokalo mjini kwenda Muze au Mtowisa kufuata mpunga na samaki, au kwenda Kasanga, bandari ile ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, huteremka kiasi cha mita elfu moja, uzito wote wa mzigo ukiegemea miguu ya mbele, kisha hurudi kuzipanda mita zile zile; na msimu wa mvua, ambao huanza Novemba ukaendelea hata Aprili, huchimba makorongo ambayo gurudumu moja huingia ilhali mwenziwe limebaki juu. Hakuna tai rodi wala bushi iliyoumbwa kustahimili hayo milele.

Lakini kuna jambo la pili, nalo silisikii likisemwa sana. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zaidi ya 220, ilijengwa chini ya mkataba wa msaada uliotiwa saini mwaka 2008 baina ya Tanzania na shirika la Marekani liitwalo Millennium Challenge Corporation, na kwa hakika ilikuwa neema kubwa kwa mkoa wa Rukwa. Ila lami hiyo hiyo ndiyo iliyofichua maradhi ya magari yetu. Gari ambalo zamani lilikwenda kilomita 40 kwa saa juu ya vumbi na mawe halikuwa na nafasi ya kuonyesha kwamba linavuta kushoto au kwamba usukani unatetemeka, maadamu dereva alikuwa akipigana na usukani kila dakika kwa sababu ya njia yenyewe. Leo linakwenda 90 juu ya lami iliyonyooka, na kila upotofu hudhihirika mikononi. Gari halikuharibika lilipoingia lami, bali lilikuwa limeharibika siku nyingi.

Ndipo mwenye gari huenda gereji akasema, “Fundi, gari linavuta, nipigie alaimenti,” na fundi, kwa kuwa ameombwa, hulegeza nati za tai rodi, akazungusha mara kadhaa, akakaza, akasema, “Tayari, mzee.” Hapo ndipo penye kosa ninalotaka kulikataza kwa nguvu zangu zote katika makala haya. Alaimenti ni kipimo cha mwisho, si cha kwanza. Gari lenye beringi zilizolegea na bushi zilizokwisha halina kipimo hata kimoja kilicho thabiti, kwa sababu kila likisukumwa, likivutwa, likifungwa breki au likipakiwa gunia, magurudumu yake huelekea kwingine. Na hata mashine ya kompyuta ya gharama kubwa, ikiletewa gari la namna hiyo, itasoma namba sahihi za dakika ile tu, ambazo zitakuwa uongo kabla gari halijafika barabara kuu.

Kabla ya kuendelea, inatupasa kuzijua pembe tatu ambazo mafundi huzitaja. Ya kwanza ni tou, nayo ni tofauti ya nafasi kati ya magurudumu mawili ya mbele yakipimwa kwa mbele na yakipimwa kwa nyuma. Nafasi ya mbele ikiwa ndogo, magurudumu yamebana, yakawa mfano wa ng'ombe wawili wa plau ambao kila mmoja humwegemea mwenziwe ubavuni huku wanakwenda; nafasi ya mbele ikiwa kubwa, yametanuka. Ya pili ni kemba, yaani kulala kwa gurudumu, kichwa chake kikielekea nje au ndani. Ya tatu ni kasta, ambayo haionekani kwa macho ya kupita: ni kule kuegemea nyuma kwa mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake, na faida yake ni kuurudisha usukani katikati baada ya kona na kulifanya gari lishike njia bila ya kuchungwa.

Katika hizo tatu, tou ndiyo mlaji mkubwa wa matairi, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua gari lenye matairi ya kimo cha sentimita 80, ambalo magurudumu yake ya mbele yametanuka kwa milimita 10, kiasi ambacho jicho lisilozoea halitakiona. Kila gurudumu limepotoka milimita 5 katika urefu wa milimita 800. Basi kila kilomita ambayo gari huenda, kila tairi la mbele huburutwa ubavu mita 6 na robo. Nenda Tunduma kwa gari hilo: utakapofika, kila tairi la mbele litakuwa limeburutwa kwa ubavu, juu ya lami iliyo kavu, zaidi ya kilomita 1 na theluthi. Nani atastaajabu, basi, kuona mpira umekwisha?

Tairi lenyewe husema ni upotofu gani uliolila, naye fundi mwangalifu huanza kwa kulipapasa kwa kiganja kabla ya kushika spana yoyote. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kikiteleza kiendapo ndani, lakini kikakwaruzwa na kingo kali kirudipo nje, basi magurudumu yamebana kupita kiasi, na aghalabu ukingo wa nje ndio uliolika zaidi. Mambo yakiwa kinyume, yametanuka. Tairi likiwa limelika bega moja kwa ulaini, bila ya kingo hizo, shaka iende kwenye kemba. Likilika mabega yote mawili na katikati pakabaki pazima, upepo ulikuwa haba. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likiwa na mabonde mabonde, huku pameliwa na huku pamesazwa, tafuta shokapu iliyokufa au gurudumu lisilo na balansi, wala usiiguse tai rodi, kwani haina hatia.

Kuhusu kuvuta upande, tahadhari inahitajika, maana si kila kuvuta ni alaimenti. Barabara ya lami huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, nasi huendesha kushoto. Kwa hiyo gari zima kabisa, dereva akiuacha usukani kidogo, huelekea kushoto polepole, na hilo si ugonjwa. Gari likivuta kwa nguvu, kwanza sawazisha upepo, kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, ukaendeshe tena: kuvuta kukihamia upande wa pili, kosa limo katika tairi. Likivuta pale tu unapokanyaga breki, tazama breki. Likivuta wakati wote na kitovu cha gurudumu moja kikawa cha moto kuliko mwenziwe baada ya safari isiyo na breki nyingi, breki ya upande huo imeganda. Fauka ya hayo, haya ni magari ya kuvuta kwa magurudumu manne, na mara nyingine mtu hulia kwamba usukani ni mzito na matairi yanalika, kumbe ametembea juu ya lami kavu ameacha gea ya magurudumu yote imeingia, au amefunga matairi ya vimo mbalimbali mbele na nyuma, hata mashine nzima ikawa inashindana nafsi yake.

Hayo yakiisha, gari lipandishwe jeki na mbele yake ikae juu ya stendi imara, kisha kazi ya kutafuta ulegevu ianze, kazi ambayo mimi naiona kuwa nusu nzima ya ustadi wote. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, usiseme upesi kwamba ni beringi ya gurudumu. Mwambie mwenzako akanyage breki, ukatikise tena. Kucheza kukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Kukibaki vile vile, kosa limo katika beringi za kingipini, zile za juu na chini ambazo kifundo kizima cha gurudumu hugeukia juu yake. Beringi hizi hazilegei tu, bali pia hufanya vijishimo mahali pale ambapo gari hukaa likiwa limenyooka, kwa sababu mapigo ya barabara huangukia hapo miaka nenda miaka rudi. Basi usukani hukwama kidogo katikati, na gari huyumba huku na huku dereva akilisahihisha bila ya kupumzika. Ukiitoa tai rodi kwenye kifundo ukakigeuza kifundo kwa mkono, utakisikia kinaingia katika kijishimo hicho. Hapo hakuna kurekebisha. Ni kubadili beringi na kupanga upya shimu zake mpaka kifundo kigeuke kwa uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari.

Kisha shika gurudumu kushoto na kulia, kwa namna hiyo hiyo ya kutikisa, uangalie vichwa vya tai rodi. Lililo bora zaidi ni kulishusha gari chini, injini iwake ikiwa usukani una msaada wa mafuta, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo huku na huku, na wewe uliye chini uweke kidole juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine: kiungo kilichokwisha hukipiga kidole kabla fimbo haijasogea. Wala usisahau boksi ya usukani yenyewe, ambayo boliti zake hulegea kwenye chesesi, na wakati mwingine chesesi yenyewe imepasuka mahali hapo, ufa ukafichwa na vumbi na grisi.

Magari ya springi za koili yana fimbo moja ya kukingama inayoizuia ekseli isiende ubavuni, na bushi zake zikilika, gari likipita juu ya vijituta vya changarawe kwa mwendo fulani, magurudumu ya mbele hushikwa na mtetemeko mkali ambao humtoa dereva jasho la khofu na ambao hautulii mpaka gari likaribie kusimama. Wengi wakipatwa na hilo hununua shokapu mpya ya usukani, na mtetemeko hupungua kweli kwa miezi kadhaa. Mimi nawasihi wasifanye hivyo kabla ya kutafuta ulegevu, kwa kuwa shokapu hiyo huuziba mdomo ugonjwa ilhali kiungo kinaendelea kulika. Na kiungo cha usukani kikiachana katika mteremko wa kuelekea bonde la Rukwa, hapatakuwa na nafasi ya kujuta.

Sasa springi. Hapa kwetu gari la mizigo haliwachwi kama lilivyotoka kiwandani: nyuma huongezwa majani mawili au matatu ili libebe magunia ya mahindi, na mbele hubaki na springi zile za zamani zilizolala. Gari tupu, basi, hutembea limeinua mgongo na kuinamisha pua, na watu wachache hutambua kwamba kuinama huko kunailaza mbele ekseli yote na kuipunguza kasta. Land Rover iitwayo 109 imepata jina hilo kwa urefu wa inchi 109 kati ya ekseli zake mbili, yaani sentimita 277 hivi. Nyuma yake ikiinuliwa sentimita 7 tu, kasta hupungua karibu digrii 1 na nusu, na kasta iliyowekwa na kiwanda ilikuwa digrii 3. Nusu imekwenda! Dereva atalalamika kwamba gari lake likiwa tupu linaelea na usukani haurudi, na likipakiwa linatulia; malalamiko hayo peke yake ni ithibati tosha. Dawa ni kurudisha kimo cha springi za mbele, au kutia kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kuirudisha pembe yake, na si kuzungusha tai rodi, ambayo haihusiani na kasta hata kidogo.

Iko pia senta bolti, ile boliti moja inayoyashona majani ya springi na kuishika ekseli mahali pake. Yubolti, zile zinazoifunga springi na ekseli pamoja, zikilegea, boliti hiyo hukatika, na ekseli husogea nyuma upande mmoja, gari likawa linakwenda mshazari: ukilitazama kwa nyuma barabarani utaona matairi ya nyuma hayafuati nyayo za mbele. Chukua futi kamba, upime toka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha la nyuma, kushoto kisha kulia, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vikitofautiana kwa sentimita nzima au zaidi, umekwisha kumkamata mwizi. Ukitaka yakini zaidi, chukua timazi ya waashi, iteremshe kutoka sehemu zilizo sawa za chesesi na za ekseli mpaka sakafuni, weka alama kwa chaki, uondoe gari, kisha upime mishazari kati ya alama. Mishazari miwili ikilingana, chesesi haikupinda.

Timazi hiyo hiyo hupima kemba. Iteremshe mbele ya gurudumu, gari likiwa mahali tambarare, upime umbali wa uzi kutoka ukingo wa juu wa rimu na kutoka ukingo wa chini: katika nafasi ya sentimita 40, kila milimita 7 za tofauti ni digrii 1. Magari haya ya ekseli nzima hayana mahali pa kurekebishia kemba, na kwa sababu hiyo kemba iliyokosea ni habari mbaya, kwa kuwa maana yake, baada ya beringi kuthibitishwa kuwa nzima, ni kwamba ekseli au kifundo kimepinda. Hapo haishauriwi kupasha moto wala kugonga nyundo. Wafipa ni watu wa chuma tangu kale; waliyeyusha mawe yao katika tanuu ndefu za udongo ziitwazo malungu, na nchi hii haihitaji kufundishwa na mgeni kwamba moto hubadili tabia ya chuma, si umbo lake tu. Kifundo cha gurudumu na fimbo ya usukani vilitiwa ugumu wao kiwandani kwa kipimo, na ukivipasha katika kalibu ya mtaani umeuondoa ugumu huo bila ya kujua umebaki kiasi gani. Kilichopinda kibadilishwe.

Ndipo sasa, viungo vyote vikiwa vimekaza, upepo ukiwa sawa na gari likiwa na uzito wake wa kawaida, tou ipimwe, na uzi na chaki vyatosha. Inua gurudumu la mbele, lizungushe ukishikilia msumari ulioegemezwa mahali imara ili uchore mstari mmoja mwembamba katikati ya tairi. Fanya vivyo kwa la pili. Lishushe gari, ulisukume mbele mita chache ili miguu itulie. Weka alama juu ya mistari hiyo kwa nyuma, kwa kimo cha kitovu, upime nafasi kati yake. Kisha lisukume gari mbele, na wala si nyuma, mpaka alama zile zile zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Kwa kutumia alama zile zile, kupinda kwa rimu hakukudanganyi. Ama kipimo kinachotakiwa, kitabu cha gari ndicho hakimu, kwani magari hayafanani: Land Rover za zamani, ambazo juu ya lami husukumwa na magurudumu ya nyuma, hutakiwa zibane mbele kwa milimita 1.2 hadi 2.4, ilhali ile iliyotoka mwaka 1983 kwa jina la One Ten, ikaja kuitwa Defender, hutakiwa itanuke, kutoka 0 hadi milimita 2, kwa sababu magurudumu yake ya mbele huvuta wakati wote na kwa kuvuta huelekea kubana yenyewe. Fundi anayezifunga zote mbili kwa kipimo kimoja huharibu moja kila mara.

Linabaki suala la usukani uliokaa mshazari ilhali gari linakwenda sawa. Njia ya mkato ni kuung'oa usukani na kuurudisha umenyooka, nayo haifai, kwa kuwa boksi ya usukani imeundwa ili meno yake yabanane zaidi katikati kabisa kuliko pembeni. Ukiung'oa usukani tu, gari litatembea siku zote likiwa juu ya sehemu iliyolegea ya boksi. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, urudi nusu yake, uiache boksi hapo. Kisha uirefushe au uifupishe ile fimbo itokayo kwenye boksi kwenda gurudumuni mpaka magurudumu yaangalie mbele, ukaze vibano vyake, na baada ya safari ya kwanza ya changarawe urudi chini ya gari na spana, ukaze tena yubolti zote.